Kinyonga dirishani, mgonjwa kitandani

Ikifika saa tatu asubuhi, nyumba nyingi za Kiwira, wilayani Rungwe, huwa kimya. Watoto wako shule. Wakubwa wametawanyika kwenye viazi, kwenye chai na migombani, na wenye biashara wako sokoni, kando ya barabara kuu iendayo Tukuyu na Kyela. Anayebaki ni mgonjwa. Ametolewa nje aote jua, amewekewa kiti barazani, ameachiwa chupa ya chai na maji ya kumezea dawa. Jirani anayepita husimama kidogo: "Shikamoo mama, umeamkaje leo?" Huitikiwa, hutoa pole, hushika njia. Baada ya hapo, mpaka watoto warudi saa tisa alasiri, hakuna kinachotokea.

Dawa, lishe na vipimo tunavizungumza sana. Saa hizo za mchana hatuzizungumzi, ingawa kwa anayeumwa muda mrefu hizo ndizo sehemu kubwa ya ugonjwa. Mwenye kifua kikuu cha kawaida humeza dawa kwa miezi 6. Kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda, akafungwa uzito wa kuuvuta mfupa, hulala chali wiki nyingi. Aliyepigwa na kiharusi hutumia miezi kujifunza upya kuinua kikombe. Kila mmoja ameandikiwa dawa zake, na kila mmoja ana mchana mrefu ambao hakuandikiwa chochote cha kuufanyia.

Makala haya ni ya mchana huo, na ya mwenzi ambaye Rungwe imejaliwa kuwa naye kwenye nyua na mashamba yake: kinyonga. Najua wengi hawapendi hata kumtaja. Nawaomba wavumilie, kwa sababu hoja ya kumtetea inatoka hospitalini na maabara kabla ya kutoka msituni.

Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya tume yake kuhusu mahusiano ya watu. Ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Unaongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na sonona. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "nimechoka kukaa peke yangu" hadeki. Anaeleza dalili, na inastahili kusikilizwa kama anavyosikilizwa anayesema kichwa kinauma.

Dawa ya kwanza ya upweke ni watu. Hakuna mnyama atakayechukua nafasi ya dada aliyepanda gari kutoka Kyela kuja kupika uji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na aliyewahi kulazwa anajua walichokiona. Lakini aliyewahi kuuguza anajua jambo jingine pia: mgonjwa dhaifu huchoshwa na wageni. Inambidi aitikie salamu, atabasamu, asimulie upya alivyoanza kuumwa, na mara nyingine ambembeleze mgeni anayelia. Wakiaga, jasho linamtoka. Kati ya kuachwa peke yake na kuzungukwa na watu, mgonjwa anahitaji uhai ulio karibu naye usiomdai kitu.

Mwandishi mmoja wa Marekani, anayetumia jina la kalamu Elisabeth Tova Bailey, alieleza hali hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2010. Akiwa na umri wa miaka 34 alipata maradhi akiwa safarini Ulaya, yakamlaza kitandani kwa muda mrefu hata kukaa wima kukawa kazi nzito. Rafiki yake akamletea maua ya porini kwenye chungu, pamoja na konokono mmoja wa msituni. Bailey hakuona wa nini. Usiku konokono akatoka, akatafuna tundu la mraba kwenye bahasha iliyokuwa karibu na kitanda, na tangu hapo mgonjwa akawa na wa kumfuatilia. Wageni wake waliingia na kutoka kwa kasi iliyomchosha kuitazama tu, lakini konokono alikwenda kwa mwendo ambao mtu asiyeweza kugeuka upande wa pili angeweza kuufuata. Hakumponya. Kila jioni alimfanya atake kujua usiku huo utaleta nini, na mtu aliyelala mwezi baada ya mwezi hukosa hamu hiyo kabla hajakosa kitu kingine.

Sayansi ilianza kuligusa jambo hili kwa kutazama madirisha. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, kati ya 1972 na 1981. Nusu yao vyumba vyao vilitazama miti, nusu vilitazama ukuta wa matofali, na kila mgonjwa wa upande mmoja alilinganishwa na mwenzake anayefanana naye kwa umri na mambo mengine. Waliotazama miti waliruhusiwa baada ya wastani wa siku 7.96, wenzao baada ya siku 8.70. Waliotazama miti pia walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi, na wauguzi waliandika malalamiko machache katika mafaili yao. Utafiti huo ni mdogo, na tofauti ya chini ya siku moja haiwezi kuitwa muujiza. Hata hivyo ulibadili namna wasanifu wa hospitali wanavyofikiri duniani kote, kwa kuwa kabla yake dirisha lilihesabiwa kuwa tundu la hewa na mwanga tu.

Kwa nini kutazama kusaidie? Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza mwaka 1989 kwamba akili ina namna mbili za kuzingatia. Moja tunailazimisha: kuhesabu vidonge, kukumbuka tarehe ya kurudi kliniki, kupiga hesabu ya deni la hospitali. Hiyo huchoka, na ikichoka mtu hukasirika upesi na kusahau. Nyingine huvutwa bila jitihada na kitu kinachosogea, kinachobadilika, kinacholeta udadisi, na ikifanya kazi ile ya kwanza hupumzika. Mgonjwa hutumia ile ya kwanza siku nzima bila mtu kumwona akifanya kazi yoyote, kisha tunashangaa mbona amekuwa mkali.

Kuna pia suala la maumivu. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Hamburg, Ujerumani, wakiongozwa na Christian Sprenger, waliwapa watu wenye afya joto la kuumiza mkononi huku wakifanya zoezi gumu la kumbukumbu. Picha za uti wa mgongo zilionyesha kwamba akili ikishughulishwa, ishara za maumivu hupungua kwenye uti wenyewe, kabla hazijafika ubongoni. Walipopewa dawa inayozuia kemikali za mwili zinazofanana na afyuni, nafuu ile ikapungua. Maana yake, mwili hutoa dawa yake ya maumivu pale akili inapopewa kazi. Zoezi lile lilikuwa la kumbukumbu, halikuwa la kutazama mnyama, na halimfanyi mtu aache vidonge vyake. Lakini linatosha kutukataza kumwambia mgonjwa aliyesahau maumivu kwa nusu saa kwamba kumbe haumwi.

Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2016 unatukaribia zaidi. Wazee 94 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea waligawanywa kwa kura: baadhi walipewa nyenje watano wa kufuga pamoja na ushauri wa afya, wengine wakapewa ushauri peke yake. Baada ya wiki 8, waliokuwa na nyenje walipata nafuu kidogo zaidi katika vipimo vya sonona. Nafuu ilikuwa ndogo, lakini nyenje watano hawagharimu kitu, na mzee asiyeweza kutembea anaweza kuwahudumia.

Sasa turudi Kiwira. Wilaya ya Rungwe ni kijani mwaka mzima. Miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Rungwe hupata hadi milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mgonjwa aliye nyumbani, au kwenye wodi ya Igogwe au ya Makandana kule Tukuyu, hana uhaba wa viumbe vya kutazama. Wapo chozi kwenye maua ya migomba, wapo buibui, wapo vyura. Mimi namchagua kinyonga kwa sababu moja kubwa: hakimbii. Ndege humpa mgonjwa sekunde tatu kisha ameruka, na mwenye macho dhaifu au dawa zinazomlevya hajawahi hata kumwona. Kinyonga aliyeonekana kwenye tawi saa tatu huweza kuwa mtini humohumo saa nane. Mgonjwa akisinzia katikati, akiamka humtafuta, na kumtafuta ni nusu ya burudani.

Kuna mengi ya kuona. Asubuhi ya ukungu, kabla jua halijashika, ngozi yake huwa nyeusi au ya kahawia iliyokolea, kwani rangi nyeusi hunyonya joto; hujibapa ubavu mmoja kulielekea jua, kisha akishapata joto hupauka na kurudi kijani. Macho yake huzunguka kila moja kivyake, moja likitazama mbele na jingine nyuma, mpaka aone mdudu. Hapo yote mawili hugeuka mbele kwa pamoja. Mtazamaji akishaijua dalili hiyo, hujua kinachofuata na hushika pumzi.

Kinachofuata ni ulimi. Hutoka kwa nguvu ambayo misuli peke yake isingeweza kuitoa: tishu za kunyumbuka hukazwa kwanza ndani ya mdomo, kisha huachiwa kwa ghafla mfano wa manati. Mwaka 2016 mtafiti Christopher Anderson alipima vinyonga wa aina 20, na aliyeshinda kwa mchapuko wa ulimi alikuwa Mtanzania, kinyonga mdogo wa misitu ya Usambara anayeitwa kitaalamu Rhampholeon spinosus: mita 2,590 kwa sekunde kwa sekunde, takriban mara 264 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Miaka sita kabla yake, Anderson na Stephen Deban walikuwa wameonyesha kwamba baridi haiathiri sana mrusho huo, kwa sababu tishu za kunyumbuka hazizubazwi na baridi kama misuli. Kinachozubaa ni kuurudisha ulimi mdomoni, kwani hiyo ni kazi ya misuli. Mtu wa Kiwira mwenye subira anaweza kuiona tofauti hiyo mwenyewe: atazame kinyonga akiwinda asubuhi ya baridi ya mwezi Juni, kisha amtazame tena mchana wa jua.

Rangi nayo ina siri yake. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha, wakitumia kinyonga wa Madagaska, kwamba ndani ya ngozi kuna fuwele ndogo mno zilizopangwa kwa safu. Kinyonga akitulia, fuwele hukaribiana. Akipandwa na hasira au akimwona jike, huachana, na mwanga unaoakisiwa hubadilika kutoka kijani kwenda njano na nyekundu. Kwa hiyo rangi zake husema zaidi hali ya mwili na moyo wake kuliko jitihada ya kujificha. Mgonjwa anayemtazama siku baada ya siku huanza kuzisoma: hii ya baridi, hii ya hofu, hii ya kulala.

Ukiwa na bahati, na ukiwa upande wa juu kuelekea Poroto au mlimani Rungwe, utamwona yule wa pembe tatu. Anaishi katika milima hii peke yake duniani, na hazai kwa mayai bali huzaa watoto wazima wanaoanza kushika matawi siku hiyohiyo. Jina lake la kitaalamu, Trioceros fuelleborni, linamkumbuka daktari: Friedrich Fülleborn, tabibu wa jeshi la kikoloni la Ujerumani aliyefanya kazi upande huu wa Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19 na kukusanya viumbe wa huku. Baadaye aliongoza taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Hamburg, na yuko pia mnyoo wa matumbo aliyepewa jina lake. Tungetamani waliomjua kinyonga huyu kabla yake nao wangeandikwa mahali, maana wenyeji walimjua. Hata tumbili kipunji, aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005 kuwa mgeni kwa sayansi, wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimsimulia.

Tatizo ni hofu. Kinyonga huku hupigwa mawe, hukimbiwa, huhesabiwa mkosi. Katika jamii kadhaa za Kibantu, Wazulu wakiwemo, ipo hadithi kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa, akajikokota njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Kwa hadithi kama hiyo ni rahisi kuona kwa nini nyumba yenye mgonjwa isingependa kumwona mlangoni. Nasema kwa heshima yote kwa waliotulea na imani hizi: kinyonga hana sumu. Hang'ati mpaka ashikwe kwa nguvu, na hana namna ya kumletea mtu ugonjwa akiwa juu ya tawi lake. Mwendo ule aliolaumiwa nao ndio mwendo ambao mgonjwa anaumudu.

Anayeuguza na akataka kujaribu, afanye hivi. Asimkamate kinyonga. Kinyonga aliyefungiwa hudhoofika upesi. Wengi hawajui kunywa maji ya bakuli, hulamba matone kwenye majani. Isitoshe, biashara ya vinyonga inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa, na Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Kiti cha mgonjwa ndicho kisogezwe karibu na ua au mparachichi, hatua mbili tatu kutoka kwenye matawi, blanketi miguuni, kofia kichwani jua likikaza. Kwa mwenye kifua kikuu kukaa nje kuna faida ya ziada, kwani hewa inayotembea hutawanya vijidudu na kuwakinga wanaomhudumia. Ua huo usipigwe sumu ya viazi. Ukipigwa, wadudu wanakufa, na kinyonga anahama au anakufa nao.

Kinyonga asishikwe na mtu yeyote, hasa mwenye kinga dhaifu, mjamzito au mtoto mdogo, kwa sababu wanyama wa jamii ya mijusi hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili. Aliyemgusa anawe kwa sabuni. Konokono wakubwa wa masika wana hatari yao pia: wanaweza kubeba mnyoo wa panya unaoshambulia ubongo na utando wake, kwa hiyo watazamwe kwa macho, na mboga za bustanini zioshwe vizuri. Mgonjwa wa wodini asiyeweza kutoka, muuguzi akikubali, kitanda kigeuzwe kielekee dirishani na pazia lifunguliwe.

Halafu kuna jambo ambalo vipimo vyote nilivyovitaja havikulipima, nami naliona ndilo kubwa. Mgonjwa wa muda mrefu huulizwa maswali yaleyale kila siku: umelalaje, umekula, umemeza dawa. Kila jibu lake linahusu mwili wake unaoshindwa. Siku anapokuwa na kinyonga uani, watoto wakirudi shule huuliza, "Bibi, leo amekwenda wapi?" Bibi ana habari ya kuwapa, habari ambayo hakuna mwingine nyumbani anayeijua, kwa sababu ni yeye tu aliyekuwepo. Amebadilisha tawi saa tano. Amekamata panzi wawili. Mvua ilipoanza alijificha chini ya jani na kukunja mkia. Kwa dakika hizo chache bibi ndiye anayejua, wao ndio wanaouliza. Mpeni daftari na kalamu kama anaweza kuandika. Asiyeweza, mtoto mmoja amwandikie.

Kumtazama kinyonga kunaweza pia kumsaidia anayeuguza kugundua hatari. Mgonjwa aliyekuwa akimtafuta kinyonga kila asubuhi, kisha akaacha. Ukimwonyesha anageuza uso. Chakula alichokipenda hakitaki, usingizi umekimbia au umezidi, anasema yeye ni mzigo: hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2, usiseme ni uchovu wa ugonjwa. Hizo ni dalili za sonona, ambayo huandamana mara nyingi na kifua kikuu, kiharusi na VVU, na huwafanya watu waache dawa zao njiani. Inatibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu na kwa dawa. Mweleze muuguzi wa kliniki anayohudhuria, umwambie tangu lini ameacha na nini alikuwa akikipenda. Akitaja kutaka kufa au kujidhuru, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani wala wodini.